Kifafa Nilichokiita Nuru

Kosa langu la kwanza lilikuwa kufurahi.

Mara ya kwanza lile joto liliponijia nilikuwa nimeketi kwenye mkeka chumbani kwangu Uyole, Mbeya, miguu nimeikunja, mgongo nimeunyoosha, nafuata pumzi kama nilivyojifunza. Lilianzia chini ya kitovu. Likapanda polepole tumboni, kifuani, kooni. Lilipofika kichwani chumba kilibadilika bila kitu kuhama. Pazia, ndoo, viatu vyangu mlangoni, vyote nilihisi nimewahi kuviona, si jana wala mwaka jana, bali kabla sijazaliwa. Nilinusa harufu ya nywele zinazoungua. Kisha likapita, nikabaki na machozi mashavuni nikisema peke yangu, "Nimefika."

Sikuwa nimefika popote. Kilikuwa kifafa kinaanza, nami nilikikaribisha, nikakiombea kirudi.

Naandika haya kwa sababu nimekaa kwenye mabenchi ya kliniki na vijana wanaoficha kama nilivyoficha mimi. Sitaeleza habari za ubongo, sizijui. Nitaeleza nilivyoogopa, na hofu ile ilikotaka kunipeleka.

Jina langu ni Lusajo. Ni fundi simu, na sikusomea popote. Nilijifunza kwa kuharibu simu zangu mwenyewe na kutazama video. Mimi ni mtu wa kurudia. Simu ikipona naifungua tena nihakikishe imepona. Mama, anayeuza viazi sokoni Uyole, alizoea kuwaambia wateja, "Huyu akichemsha yai atalipasua aone kama limeiva, halafu atatafuta lingine kwa sababu la kwanza limepasuka."

Tena ni mwoga. Baba aliondoka asubuhi kwenda shambani akipiga mluzi, akarudishwa amebebwa. Nilikuwa darasa la sita. Tangu siku hiyo sikuogopa kufa tu, niliogopa kufa ghafla, bila kujua kwamba nakufa. Kanisani tuliambiwa tukeshe kwa maana hatujui siku wala saa. Mimi nilitaka mtu anionyeshe namna ya kukesha, hatua kwa hatua, kama unavyoonyeshwa kubadilisha kioo cha simu.

Ndipo akaja mteja mmoja aitwaye Nimal, fundi kutoka Sri Lanka aliyekuwa akifunga mashine za kukoboa mpunga kule Ubaruku. Kwenye simu yake kulikuwa na picha ya mtu aliyeketi amefumba macho. Nikamwuliza, "Huyu ndiye Mungu wenu?" Akacheka. "Si Mungu. Mwalimu." Akachukua simu yake akaenda. Hayo tu. Yaliyofuata niliyatafuta mwenyewe mtandaoni, kwa Kiingereza cha kuungaunga, kamusi pembeni.

Nilisoma kwamba kwa Wabudha akili si kitu kimoja kilichokaa kichwani. Ni mfululizo, wazo linazaa wazo, kama moto unavyopokewa na utambi mwingine, na mwili ukichoka mfululizo ule unaendelea katika tumbo la mama mwingine. Nikasoma na mafundisho ya milima ya mbali, kwamba ndani ya mwili huu upo mwili mwingine, mwembamba, wenye mishipa isiyoonekana kwa mpasuaji yeyote. Ndani ya mishipa hiyo hupita upepo, nao upepo huibeba akili kama farasi abebavyo mpandaji. Saa ya kufa upepo wote hukusanyika katika mshipa wa katikati, na aliyejizoeza huvuka akiwa macho. Nikasoma pia kwamba hali ya akili katika dakika ya mwisho inaweza kuisukuma kule inakokwenda kuzaliwa. Hapo ndipo niliponaswa.

Mahali pengi paliandikwa: usifanye mazoezi haya bila mwalimu. Niliyasoma maneno hayo kama ninavyosoma maandishi ya nyuma ya boksi la chaja.

Kwa hiyo joto lilipopanda kutoka kitovuni hadi kichwani, niliona jibu la mtihani. Nililisubiri kila jioni baada ya kazi. Lilikuja zaidi nilipolala kidogo, basi nikalala kidogo. Kuna nyakati nilizinduka nikajikuta nimesimama dirishani, simu ya mteja mkononi, sijui nilisimama lini. Hilo nalo nililipatia jina zuri.

Nilianguka mbele za watu mwanzoni mwa mvua, wakati wa kupanda. Nilikuwa kwenye meza ya Mama sokoni. Alikuwa akibishana na dereva wa lori aliyetaka ndoo ya viazi ijazwe hadi ifanye mlima. "Baba, hiyo si ndoo, hiyo ni harusi," Mama alimwambia. Nikacheka. Joto likapanda, nikanusa nywele zinazoungua.

Kisha tope kinywani. Ulimi ulikuwa umevimba na una ladha ya chuma. Suruali ilikuwa imelowa, na si kwa mvua. Watu walikuwa wamesimama duara, mbali, kama watu wanaotazama nyoka.

"Msimguse! Povu halijakauka!"

"Mama Lusajo, usimsogelee, utakibeba."

"Ni mwanangu," nilimsikia Mama.

"Ndiyo maana tunakwambia. Una mabinti."

Mama hakusogea. Alisimama hatua chache kutoka nilipo, mikono ameikumbatia kifuani kama mtu anayesikia baridi. Simlaumu. Kwetu mtoto hukua akijua kwamba kifafa kinakaa kwenye povu, na anayeanguka huachwa hapo alipoangukia mpaka povu likauke. Wako waliolala kifudifudi ndani ya kidimbwi cha maji hadi mwisho, watu wazima wamewazunguka, na hakuna aliyewatakia mabaya.

Nyumbani sahani yangu ilihamishwa ikaoshwa peke yake. Mama alinipikia vizuri kuliko kawaida, akaniwekea chakula mezani, akarudi nyuma.

Kliniki ya kifafa, kama hujui, mara nyingi iko pamoja na ya wagonjwa wa akili. Nilipoona kibao cha mlangoni nilitaka kugeuza. Kwenye benchi nilikaa kando ya mama mmoja mnene mwenye makovu ya moto kwenye mikono yote miwili. Alikuwa akipikia wachimbaji wa dhahabu Makongolosi, na alitoka huko kila mwezi kufuata dawa.

"Kijana, umekuja kwa kichwa au kwa roho?" akaniuliza.

"Kwa kichwa."

"Afadhali. Roho hapa hawana dawa yake." Akasogea nipate nafasi. "Mwezi wa kwanza utavichukia vidonge kama wifi aliyehamia kwako. Usivifukuze. Mimi nilivifukuza," akainua mikono yake nione, "jiko likanipokea."

Ndani, daktari aliniuliza ninahisi nini kabla ya kuanguka. Nilijiweka sawa kwenye kiti. Nilikuwa nimejiandaa. Nikamweleza joto linavyoanza chini ya kitovu na kupanda, harufu ile, na jinsi kila kitu kinavyokuwa kama nilikwisha kukiona kabla ya maisha haya. Nilitegemea ainue kichwa.

"Ndiyo," akasema akiandika. "Wengi wanasema hivyo."

Sentensi hiyo iliniuma kuliko ulimi. Nilipotoka niliwatazama wote kwenye lile benchi, yule mama wa Makongolosi, mzee mwenye kofia ya sufu, msichana wa sekondari aliyefunikwa khanga na mama yake. Nikajiuliza kama nao wote walipandiwa na upepo ule ule, wamefunuliwa siri ya kufa na hawajui. Ndivyo nilivyokuwa. Ilikuwa rahisi kwangu kuamini kwamba benchi zima limeangaziwa kuliko kuamini kwamba ninaumwa.

Mvua zilipokolea wakaongeza dozi. Nikawa natembea kama ndama aliyezaliwa asubuhi. Uso ulijaa, mikono ikatetemeka, nikashindwa kulehemu waya mwembamba. Wateja waliosikia habari za sokoni walikuwa wameshahama, na waliobaki niliwarudishia simu kwa kuona haya. Lakini hayo niliweza kuyavumilia. Nilichoshindwa kuvumilia ni kwamba nilipokaa kwenye mkeka nilisinzia kabla ya pumzi ya tano. Akili ilikuwa uji. Hofu ikanijia mpya na nzito: nikifa katika hali hii? Nikianguka na nisiamke, nani atavuka, ikiwa mpandaji amelala juu ya farasi?

Nikaanza kuvunja kidonge nusu. Nusu nyingine nilitema chooni. Nilijiambia si kuacha, ni kurekebisha. Mtu wa kurudia ana jina safi kwa kila uovu anaojifanyia.

Kipupwe kilipoanza Mama alinipeleka Iringa kwa dada yangu Atu, nipumzike na macho ya sokoni. Atu na mumewe, dereva anayelala safarini zaidi ya nyumbani, walipanga vyumba kwa Bi Mwanaidi, mjane aliyeuza khanga na viungo mjini. Wazee wake walipanda kutoka pwani zamani kuja kufanya biashara. Alikuwa na sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya bonde.

"Huyu ndiye fundi? Mbona kama kuku wa mdondo? Mwanangu, nyumba hii ina baridi, lakini haina njaa."

Huko Iringa hapakuwa na wa kunihesabia vidonge, nikaviacha kabisa.

Nitasema kweli, maana kuficha hakumsaidii yeyote. Siku za kwanza zilikuwa nzuri. Kichwa kilifunguka kama anga baada ya ukungu. Mikono ilitulia. Nilitengeneza redio ya Bi Mwanaidi, nikaketi asubuhi na jioni, nikafuata pumzi bila kusinzia. Wewe unayesoma na umefika hapo, unayejisikia umepona kwa sababu umeacha dawa, nakuomba usiamini siku zile.

Nilikuwa napiga pasi shati langu uani, mchana kweupe, kwa pasi ya mkaa. Nilikuwa nimeshalinyoosha, nikawa nalirudia kola. Joto lilipanda haraka mno, halikunipa hata nafasi ya kukunja miguu.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Atu. Nilizinduka wodini, mkono wa kushoto umefungwa bandeji kutoka kiganjani hadi kiwiko, siku ngapi zimepita sijui. Atu alikuwa kwenye kiti, macho mekundu.

"Ulikuwa unaacha kutikisika, unaanza tena," akasema. "Unaacha, unaanza. Mkono uko juu ya pasi, nawe huna habari."

"Nani aliniondoa?"

"Bi Mwanaidi. Aliipiga teke pasi, akakulaza ubavu, akakufuta povu kwa mtandio wake."

"Kwa mtandio?"

"Aliokuwa ameuvaa kichwani." Akasogeza kiti karibu na kitanda. "Mimi nilisimama mlangoni, Lusajo. Alinipigia kelele nije nishike miguu, nikasimama mlangoni."

Nilikuwa mbali, natafuta. Nilirudi nyuma kwenye kumbukumbu: pasi, kola, joto. Baada ya hapo nilitafuta mshipa wa katikati, nikatafuta nuru, nikatafuta hata giza. Giza lingenitosha, giza ni kitu. Hapakuwa na kitu. Mkono wangu uliungua hadi nyama na hapakuwa na mtu wa kuhisi. Nilikuwa nimejizoeza ili nife nikiwa macho, na nilipofika mlangoni kwenyewe sikuwepo.

Sijawahi kuogopa vile. Wodini niliogopa kufumba macho. Niliogopa kumeza mate. Muuguzi akipita nilimwita kwa sababu zisizo na maana, ili tu anijibu nijue kwamba nipo. Kama akili inaendelea baada ya kifo, ilikuwa wapi siku ile uani? Na kama inaendelea kutoka pale ilipoishia, basi yangu ingeendelea kutoka kwenye lile shimo.

Bi Mwanaidi alikuja na chupa ya uji wa pilipili manga. Nikajaribu kumwomba radhi kwa habari ya mtandio.

"Niondokee huko," akasema. "Marehemu mume wangu alikuwa nacho. Nimelala naye kitanda kimoja mpaka Mungu alipomchukua, nimemfuta povu kwa mkono huu. Kingekuwa kinaambukiza, ningekuwa nadondoka kama parachichi la msimu. Kunywa uji."

Mama alifika kwa basi la asubuhi. Daktari alishaniuliza kama nimewahi kuacha dawa, nikasema hapana. Mbele ya Mama nilishindwa. Nikamwambia yote, kuanzia nusu za chooni.

"Uliviacha kwa ajili gani?"

Nikajaribu kumweleza, mfululizo wa akili, upepo, dakika ya mwisho. Alisikiliza huku akikunja na kukunjua ncha ya khanga.

"Kwa hiyo ulikuwa unajiandaa kufa," akasema.

"Nilikuwa najiandaa kufa vizuri, Mama."

"Na mimi? Mimi ulikuwa unaniandaa lini?"

Baba alipoletwa amebebwa, ni yeye aliyefungua mlango. Miaka yote nilidhani hofu ile ni yangu peke yangu.

Niliporuhusiwa, dozi ikiwa imerudishwa juu kuliko mwanzo, hatukwenda moja kwa moja Mbeya. "Huyo Mhindi wako wa mashine," Mama akasema, "nataka nimsikie kwa masikio yangu." Nikamwambia si Mhindi. Akasema hayo atamwuliza mwenyewe. Tukashuka barabara kuu, tukaingia Ubaruku, mavuno yakiwa mwishoni, magunia yamepangwa hadi njiani na vumbi la pumba likielea kila mahali. Nimal alitoka nyuma ya mashine, mweupe kwa pumba hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemfundisha mwanangu kufa?"

Nimal akanitazama, akatazama bandeji. "Mimi? Mama, mimi nilimpelekea simu tu."

Wapakiaji wakacheka. Yeye hakucheka. Alituketisha kwenye magunia, nikamsimulia. Nilipofika kwenye mishipa isiyoonekana alitikisa kichwa.

"Hiyo siijui. Hiyo ni ya Wabudha wa upande mwingine, labda kweli, labda si kweli, sijui. Kwetu bibi yangu anaweka maua, anawapa watawa chakula, mwezi ukiwa mpevu anafunga. Mimi hata kufunga sifungi sana, nakula kuku."

"Lakini dakika ya mwisho," nikasema. "Tuseme mtu anakufa akili yake haipo. Anakwenda wapi?"

Mashine ilikuwa ikinguruma nyuma yetu.

"Mama yangu alikufa hajitambui," akasema. "Wiki nzima. Na mimi niliogopa kama wewe, nikamwuliza mtawa. Akaniambia, mpunga ukishaiva, hata mwenye shamba akisinzia siku ya kuvuna, hauwi magugu. Mimi nilifikiri ananifariji tu. Bado sijui kama alikuwa ananifariji."

"Na dawa je?" Mama akauliza. "Dini yenu inakataza dawa?"

"Hapana, mama. Mtawa ana vitu vinne tu anavyoruhusiwa kupokea. Nguo, chakula, pa kulala, na dawa."

Mama akanigeukia. Alinitazama tu, kama anavyomtazama mteja aliyekamatwa na kiazi mfukoni.

Ningependa kuandika kwamba hofu iliishia pale juu ya magunia. Haikuisha. Ule mfano wa mpunga ulinisaidia siku nyingine na siku nyingine haukunisaidia, maana mtu wa kurudia hujiuliza kama mpunga wake umeiva. Nilianguka tena Uyole kabla dozi haijakaa sawa, uani kwetu, kwenye baridi. Nilipozinduka sikuona duara la watu. Niliona kitambaa cha kijani kwa karibu mno, na ilinichukua muda kuelewa kwamba ni gauni la Mama, na kichwa changu kiko mapajani mwake, na kifua chake kinapanda na kushuka kwa nguvu kama mtu aliyekimbia. Povu lilikuwa kwenye vidole vyake.

"Ndaga, Mama," nikasema. Asante, kwa Kinyakyusa.

"Nyamaza. Naogopa mpaka naumwa tumbo," akasema, na hakuniachia.

Kama unayesoma ndiwe unayeanguka, mwambie mtu mmoja unachohisi kabla ya kuanguka, hata kama ni kitu kizuri, hasa kama ni kitu kizuri. Kama ndiwe unayesimama mlangoni, mlaze ubavu, ondoa moto na vyuma, na povu ni mate tu. Usimtie kitu mdomoni. Subiri naye.

Kovu la mkono linavuta kukiwa na baridi. Fizi zangu zimenenepa kwa dawa, nasahau majina ya wateja, na kazi za waya mwembamba nimemwachia jirani. Bado naketi na kufuata pumzi, kwa muda mfupi, mlango ukiwa wazi, na nikisinzia nalala. Bado sijui akili inakwenda wapi, na zipo asubuhi ninaamka nimeogopa. Mvua za mwaka huu zimeanza, na tangu Iringa sijaacha dawa.